UZI: Darasa la awali limejaa mpaka mlangoni lakini wa miaka mitano bado wako nyumbani. Watu wa Mtwara na Lindi tuongee umri wa watoto tunaowaandikisha

Mwalimu wa Awali Mtw

Habari za jioni wadau wa kusini. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, shule ya serikali, kijijini huku Mtwara juu kwenye mikorosho. Jina la shule naliacha. Mwezi ujao tunaanza kuandikisha wa 2026, kabla habari za asilimia hazijaanza naomba niseme jambo ambalo limenikaa rohoni toka Januari.

Januari hii 2025 maoteo yetu ya darasa la awali, yaani idadi ya watoto wa miaka mitano tuliotarajia kuandikisha, yalikuwa 60. Mpaka tunafunga daftari nimeandika 87, wasichana 45 wavulana 42. Asilimia 145. Taarifa ikapanda juu, tukapongezwa kwenye kikao, na mimi nikapiga makofi na wenzangu. Siku ya tatu ya masomo nimesimama mbele ya darasa naangalia, kuna mtoto kalala kwenye mkeka ananyonya kidole, pembeni yake kuna mwingine meno ya mbele yameshang'oka na anamfunga mwenzie kamba za viatu. Wote awali, wote wameandikwa miaka mitano kwa mwandiko wangu mwenyewe kwa sababu siku ya kuandikisha foleni ilikuwa ndefu na mzazi akisema mitano unaandika mitano.

Nikaamua nianze upya. Wiki tatu nzima kila mtoto akiletwa au kufuatwa namuuliza mzazi kadi ya kliniki. Wenye kadi au cheti cha kuzaliwa hawakufika nusu. Kadi iliungua, kadi iko kwa mama yake Dar, kadi ililiwa na mchwa. Wengi wanaowaleta ni mabibi na bibi hakumbuki tarehe ila anakumbuka mambo. Kuna bibi mmoja nilimuuliza huyu kazaliwa mwaka gani, akakaa chini kwenye kizingiti akafikiri, akaniambia "mwanangu, huyu alizaliwa wanajeshi wanabeba korosho." Basi hapo hamna ubishi, ile ni mwisho wa 2018 jeshi lilipokuja kusomba korosho, huyo mtoto Januari 2025 ana miaka sita, wa kwake ni la kwanza. Mwingine akasema alizaliwa siku tuliyoambiwa tuhame kimbunga kinakuja. Kenneth, Aprili 2019. Huyo ana mitano na miezi, ndiye wa kwangu.

Nikachora mistari kwenye kaunta buku nikawapanga upya wote 87:

miaka 3 walikuwa 8
miaka 4 walikuwa 22
miaka 5 walikuwa 39
miaka 6 na kuendelea 18

Yaani kwenye maoteo ya 60 niliowapata wa umri wenyewe ni 39. Sio 145 tena hapo, ni asilimia 65. Kwenye taarifa hiyo namba haipo popote, na kila nikiiwaza nakosa raha. Je kwenu hali ikoje?

Mtoto wa Mikindani

Mwalimu asante kwa uzi, ni wa kwanza kusoma humu mtu anafungua daftari lake hadharani. Mi nipo mjini, kwetu shida ni nyingine, wenye uwezo wanapeleka chekechea za binafsi za inglishi midiamu, kwa hiyo awali ya serikali mjini inabaki na watoto wa mama lishe, bodaboda, wavuvi, vibarua wa bandarini. Na wengi asubuhi wako awali mchana wako madrasa. Umri umechanganyika hivyo hivyo lakini.

Takwimu Kwanza

Mwalimu umegusa penyewe. Niliwahi kufanya kazi za takwimu za elimu ngazi ya halmashauri, sasa nimestaafu. Kuna namba mbili watu wanazichanganya. Kuna uandikishaji wa jumla, unachukua watoto wote walio darasani bila kujali umri unagawa kwa idadi ya watoto wa umri unaotakiwa, ndio maana inavuka mia. Halafu kuna uandikishaji wa rika lengwa, hapo unahesabu wa umri wenyewe tu na hiyo haiwezi kuvuka mia kama hesabu ni sahihi. Ukisikia mahali wamefika asilimia 110 au 130 jua wamesoma ile ya kwanza. Sio uongo, ila haikwambii wangapi wamebaki nje.

Na hii haijaanza leo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto wa awali nchi nzima waliruka kutoka milioni 1 na elfu 70 hivi mwaka 2015 mpaka zaidi ya milioni 1 na laki 5 mwaka mmoja tu. Tulifurahi, na ilikuwa ya kufurahia, kwa sababu watoto waliokuwa hawapati wakapata. Lakini wengi kwenye ule mruko walikuwa wakubwa waliochelewa na wadogo waliowahishwa. Vyumba havikuongezeka kwa kasi ile wala walimu. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wewe una 87 unasema?

Mwalimu wa Awali Mtw

87 na mimi peke yangu mzee wangu. Zamani palikuwa na binti wa kujitolea, wazazi walikuwa wanamchangia, mchango ukasimama akaondoka, simlaumu.

Mama Mapacha

Mwalimu mi ni mmoja wa wazazi hao. Nipo Tandahimba, niliwapeleka wangu wana miaka mitatu na nusu nikasema mitano. Naomba unielewe. Baba yao yupo kwenye salfa, kupulizia mikorosho, toka asubuhi, mi naenda shamba, mama yangu hayupo duniani. Nikiwaacha nyumbani wanabaki na dada yao wa miaka tisa ambaye naye inabidi akose shule. Shuleni kuna uji saa nne na kuna mtu mzima. Hapa kijijini hamna sehemu nyingine ya kumpeleka mtoto mdogo. Sikufanya kwa kutaka kudanganya serikali.

Mwalimu wa Awali Mtw

Mama Mapacha nimekuelewa na nakushukuru umeandika. Wale 8 wa miaka mitatu wote mama zao wana habari kama yako, kasoro mmoja tu. Sikumrudisha hata mmoja nyumbani na sitamrudisha. Ninachotaka ni waandikwe umri wao wa kweli, kwa sababu nikiandika miaka mitano, kwenye karatasi mimi nina darasa la kawaida lililofaulu kupita kiasi. Nikiandika mitatu mtu akisoma ataona kijiji hiki kina uhitaji wa sehemu ya kulelea watoto wadogo, kitu tofauti kabisa na darasa la awali. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kulala saa tano. Kwangu analala chini ya meza na wenzie wanamkanyaga.

Mmwera wa Nachi

Upande wa Lindi huku Nachingwea kwenye wakubwa kuna sababu moja naona hamjaitaja. Jando. Vijana wanapelekwa kumbini wadogo siku hizi, miaka sita saba, na wasichana nao unyagoni. Agizo ni kwamba ifanyike likizo, na wengi wanafuata, wanaingia Juni au Desemba. Ila mtoto akitoka Desemba yuko kwenye sherehe, Januari bado anatembelea ndugu na nguo mpya, anakuja kuripoti mwezi wa pili mwishoni darasa limeshaenda. Mzazi anasema basi aanze mwakani. Mwakani anaanza awali ana saba. Mimi sipingi mila, nimepita huko na wanangu wamepita, nasema tu wazee na makungwi wakikaa na walimu mapema hili linamalizika.

Shamba la Mikorosho

Jando ni moja, la kwangu mi naona shamba ndio kubwa zaidi. Watu hawajui maisha ya huku, kijiji kipo hapa na shamba la mpunga au mahindi liko kilomita 15, mvua zikianza familia inahamia huko inajenga kibanda inaamia nguruwe na ngedere mpaka mavuno. Mtoto wa la tano anaachwa kijijini kwa ndugu asome, huyu mdogo wa miaka mitano hawezi kuachwa, anabebwa. Shule inafunguliwa Januari ndio katikati ya kuamia. Kwa hiyo wa miaka mitano ndio anayekosekana kuliko wote kwa sababu ni mdogo wa kuachwa na bado hafai kazi. Akirudi mwezi wa tano darasa limefika mbali.

Mwalimu wa Awali Mtw

Hili la "mdogo wa kuachwa" sijawahi kulisikia likisemwa vizuri namna hii. Ni kweli. Mahudhurio yangu mwezi wa pili yalishuka mpaka siku nyingine nina watoto 46, na walioondoka wengi ni wa mitano. Wa minne walibaki maana nyumba zao ziko jirani na shule.

Liwale Yetu

Salamu kutoka Liwale. Huku umbali tu unamaliza kila kitu. Mkoa wa Lindi ni mkubwa watu wachache, sensa ya 2022 tulikuwa milioni 1.19 mkoa mzima, wenzetu Mtwara milioni 1.63 kwenye eneo dogo zaidi. Kitongoji chetu mpaka shuleni kilomita sita na tembo wanapita. Nani atamruhusu mtoto wa miaka mitano asubuhi saa kumi na mbili apite njia ya tembo. Anaanza shule akiwa na saba, nane, akiwa na mbio. Tulipopata shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, vyumba viwili tu vya kuanzia, watoto wadogo waliongezeka ghafla na hakuna aliyepiga kampeni, ni kwa sababu ilikuwa karibu basi.

Halafu kuna ndugu zetu wafugaji, Wasukuma na Wamang'ati, walianza kuja kwa wingi baada ya kuondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya 2006, wako pembeni kabisa na mifugo yao. Watoto wao kwenye maoteo ya kijiji mara nyingi hawamo. Akija mmoja shuleni hajui Kiswahili kabisa, mwalimu naye hajui Kisukuma. Anakaa miezi miwili kimya. Tunamwita mzito wakati ana lugha yake na anaongea vizuri tu nyumbani.

Bi Mkubwa Newala

Hata sisi watoto wa juu huku wanakuja na Kimakonde kitupu, walimu wakiwa wa kwetu inasaidia. Mwalimu naomba uniambie, hao 87 wanaishi na nani? Maana mimi ninao wajukuu watano ndani na mama zao wote wako Dar.

Mwalimu wa Awali Mtw

Bibi shikamoo. Hilo pia niliandika. 34 wanaishi na bibi mzaa mama, wachache bibi mzaa baba, wengine na wazazi wote au mama peke yake. Nadhani kwa sisi kusini hii ni ya zamani, Wamakonde Wamwera Wayao Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama, mama akiolewa pengine au akienda mjini kutafuta mtoto anabaki kwa bibi. Haina ubaya na mabibi wanalea vizuri kweli. Ila kadi ya kliniki inabaki kwenye begi la mama. Na bibi akiambiwa sare na daftari na mchango wa uji vyote siku moja anaondoka kimya harudi, haombi muda wala nini. Mwaka huu niliwatangazia mtoto aje hata na nguo ya nyumbani. Walirudi sita wiki hiyo hiyo.

Wawili wamezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, mama ni wa huku. Na kuna mmoja nitamwita D, kwa miezi miwili nilimwona mkaidi, namwita haji, wenzie wanaimba yeye anaangalia midomo. Siku moja mpishi aliangusha sufuria ya uji nyuma yake kabisa, darasa zima liliruka, D akaendelea kupanga vizibo vya soda vitano vitano bila hata kugeuka. Nilikaa chini. Alikuwa hasikii. Vizibo alikuwa anapanga sawasawa kuliko wote. Sasa anakaa mbele na nimeanza kujifunza ishara kidogo kidogo. Najiuliza kama ningekuwa na watoto 25 ningemwona wiki ya kwanza.

Mtoto wa Mikindani

Hiyo ya D imenitoa machozi.

Kijana wa Ruangwa

Mwalimu naomba kutofautiana kidogo kwa heshima. Mi naona hatari ya huu mjadala ni walimu wakuu waanze kurudisha watoto, "huyu hana mitano mpeleke", na mzazi wa kijijini akirudishwa mara moja harudi tena. Afadhali darasa lijae na umri uchanganyike kuliko mtoto abaki nje. Na ushindani wa kufikisha maoteo umesaidia, zamani nani alikuwa anajali awali?

Mwalimu wa Awali Mtw

Nakubaliana na wewe kuhusu kurudisha, nimesema sirudishi. Ila usiseme afadhali lijae, kwa sababu kujaa ndiko kulikonifichia walioko nje. Ngoja nieleze ambacho sikuandika mwanzo.

Likizo ya Juni nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji twende nyumba kwa nyumba, tuna vitongoji vinne. Nilibeba lile kaunta buku na hesabu yangu ya matukio, jeshi, Kenneth, nikaongeza korona. Tulitembea siku tano. Tuliwapata watoto 17 wa miaka mitano ambao hawajawahi kuandikishwa kokote. 17! Kwenye kijiji chenye asilimia 145. Tisa wako kitongoji kimoja cha mbali ambacho kuja shuleni unavuka bonde, masika halipitiki. Wanne walikuwa mashamba ya mbali, kama ndugu alivyoeleza hapo juu, walirudi mavuno yameisha wakaona aibu kuleta mtoto katikati ya mwaka. Wawili bibi hakuwa na sare. Mmoja miguu haina nguvu, mama anambeba mgongoni na mtoto kashakuwa mzito. Wa mwisho mama yake aliniambia alikuja Januari akaona watoto wamejaa mpaka nje akajua nafasi zimeisha, akarudi naye.

Ukiweka 39 na 17 unapata 56, maoteo ya 60 hayakukosea sana. Aliyekosea ni mimi niliyeona 87 nikadhani nimemaliza. Huyo aliyerudishwa na wingi wa watoto ndiye ananiuma kuliko wote, sikumfukuza mimi ila nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mtoto wa miaka saba ambaye angekuwa la kwanza.

Takwimu Kwanza

Hapo mwalimu umefanya kazi ambayo ofisi nyingi hazifanyi. Swali, hao 18 wakubwa uliwafanyaje?

Mwalimu wa Awali Mtw

Nilikaa na mwalimu wa la kwanza, tukawapima kwa mazungumzo tu na kuhesabu na kushika penseli. 11 wakahamia la kwanza mwezi wa pili na wanaenda vizuri. Saba wazazi walikataa, wanasema hajui kusoma bado atafeli. Nimewaeleza awali sio ya kujua kusoma kwanza, mtaala huu mpya ulioanza 2024 mtoto anajifunza kwa michezo na kona za ujifunzaji, na sera ya elimu toleo la 2023 iliyozinduliwa Dodoma Februari mwaka huu msingi unakuwa miaka sita, kwa hiyo kuanza la kwanza na miaka sita ndio mstari wenyewe. Watatu wakaelewa baadaye. Wanne ninao bado, nawapa kazi ya kusaidia wadogo kunawa mikono.

Kijana wa Ruangwa

Nimeelewa mwalimu. Nafuta neno afadhali.

Mmwera wa Nachi

Kwenye kijiji chetu tulijengewa darasa la mfano la awali kupitia BOOST, ule mradi wa serikali wa elimu ya awali na msingi, viti vidogo, ukuta umechorwa, choo cha saizi yao. Likafunguliwa, likajaa watoto mpaka wa vijiji jirani na mwalimu ni mmoja yule yule. Jengo zuri linavuta watoto, hilo jema, ila na mwalimu aje na jengo.

Liwale Yetu

Hicho kitongoji cha ng'ambo ya bonde ombeni shule shikizi mapema. Msisubiri jengo la tofali. Sisi tulianza na banda la nyasi na kijana aliyemaliza kidato cha nne, kijiji kikatenga debe la mahindi kila kaya baada ya mavuno. Andika hao tisa kwa majina, umri, na jina la mlezi, peleka kwenye mkutano wa kijiji muhtasari upigwe muhuri. Majina tisa yana nguvu kuliko asilimia.

Mwalimu wa Awali Mtw

Nimenakili hii. Mkutano wa kijiji uko mwisho wa mwezi, nitasoma majina mimi mwenyewe. Uandikishaji wa safari hii pia tumekubaliana na mwalimu mkuu daftari liwe na safu ya umri uliothibitishwa na safu ya umethibitishwaje, kadi, cheti, au tukio. Na siku mbili za kwanza tunaandikia kitongojini, kila kitongoji siku yake, tunatanguliza kile cha mbali. Mwenyekiti anatuazima meza.

Bi Mkubwa Newala

Marahaba mwanangu, nilisahau kuitikia. Nina mmoja hapa, wa binti yangu wa mwisho. Kadi sijui iko wapi, mama yake simu haipatikani. Ninachojua alizaliwa shule zimefungwa kwa ajili ya korona, maana kaka zake walikuwa nyumbani wote ndio walionisaidia kuteka maji. Ni wa awali au bado?

Mwalimu wa Awali Mtw

Bibi, shule zilifungwa Machi 17, 2020, za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kwa hiyo Januari 2026 atakuwa na miaka mitano na miezi sita au zaidi kidogo. Ni wa awali huyo. Mpeleke shule ya hapo kwenu wiki ya kwanza ya kuandikisha, usingoje Januari na usingoje sare. Mwalimu akikuuliza tarehe mwambie hivyo hivyo ulivyonieleza, na kaka zake waende nao waseme walikuwa wanateka maji.